Kadi ya Neno Kuogopa

Mume wangu, Pan Yuhe, alikuwa mwoga. Simsengenyi marehemu, mwenyewe alikuwa akisema hivyo hivyo, tena bila haya. Aliogopa mbwa, aliogopa ngazi, aliogopa kubishiwa hodi. Akisikia viatu vya mtu vinakaribia mlango wetu, mkono wake wenye vijiti vya kulia ulisimama kati ya bakuli na mdomo, na hausogei mpaka viatu vipite. Mimi nimezaliwa kwa wauza siki, watu wa makelele, kwa hiyo miaka ya mwanzo nilimcheka. Baadaye nikaacha kucheka, maana viatu vilianza kweli kusimama mlangoni kwetu.

Kosa lake lilikuwa kujua Kiingereza. Alikisoma utotoni kwa wamisionari hapa hapa Taiyuan, akakipenda vibaya sana. Miaka ile mikali ilipoanza, Kiingereza kikawa lugha ya adui, naye akanyang'anywa chaki, akapewa ufagio na ndoo asafishe vyoo vya chuo alichokuwa akifundisha. Alivisafisha vikang'aa. "Choo hakikuulizi maswali, Mama Lan," aliniambia, na nadhani siku zile alikuwa na raha kiasi. Lan ni binti yetu, mtoto wetu wa pekee. Wakati huo alikuwa amepelekwa milimani pamoja na vijana wengine wa mjini, akalime mtama na kujifunza kwa wakulima. Barua zake zilikuja fupi. Hakuwahi kulalamika, lakini mwandiko ulikuwa wa mtu mwenye vidole vilivyopasuka kwa baridi.

Kisha wakubwa wakaamua vijana wasome Kiingereza tena, na kamusi za zamani zilikuwa zimeshatiwa moto. Chuo kikaambiwa kitunge kamusi ndogo, ya Kiingereza kwa Kichina, ya watu wanaoanza. Pan akaitwa kutoka chooni, akapewa herufi A. Nilidhani atarudi akiruka. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akanishika mkono, mkono wake baridi.

"Wamenikumbuka," akasema.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kila neno la Kiingereza lilikuwa na kadi zake: ya maana kwa Kichina, ya matumizi, na za mifano. Mifano ndiyo iliyokuwa na miba. Huwezi kuandika kwamba paka amelala kitini, maana mtu atauliza paka huyo ni wa nani na kwa nini analala saa za kazi. Pan aliandika wakulima wanavuna kwa furaha, wafanyakazi wanasokota nyuzi kwa furaha, hadi furaha yenyewe ikachakaa. Kadi zikishakamilika ziliingia sandukuni, sanduku likaletwa kwenye kiwanda cha nyuzi ambako mimi nilikuwa mpishi wa kantini, na hapo kamati ya mfanyakazi, mkulima na mwanajeshi ikazikagua mfano kwa mfano. Hakuna aliyejua Kiingereza kati yao. Haikuwa shida. Walisomewa kwa Kichina, na walichokuwa wakikagua hakikuwa Kiingereza.

Karatasi ilikuwa adimu. Kadi zilikatwa kutoka kwenye mabango ya zamani ya ukutani, ambayo mgongoni ni meupe. Ukiigeuza kadi, ungekuta nusu ya trekta, au mashavu mekundu ya msichana mvunaji, au kipande cha kaulimbiu. Ndiyo maana palihitajika macho. Mji mzima tulikuwa na desturi moja: kabla hujafunga samaki kwenye gazeti, kabla hujakata karatasi, kabla hujaikalia, igeuze, itazame pande zote mbili, isije ikawa na picha ya Mwenyekiti, mkuu wa nchi. Tulifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyopuliza uji kabla ya kuunywa.

Jirani yetu Geng, mhasibu, alisahau kugeuza mara moja tu. Alifunga miguu ya nguruwe kwenye gazeti, mafuta yakapenya mpaka kwenye uso wa picha. Walimpandisha jukwaani kwenye uwanja wa kiwanda, kibao shingoni, wakamzomea tangu mchana hadi jua kuzama. Aliporudi nyumbani sikio lake moja lilikuwa limekufa, na wanawe wakafukuzwa shule. Aliyepiga kelele kuliko wote siku ile, aliyempanda Geng mgongoni na kumvuta nywele, alikuwa Hao Xiumei, mwanamke wa mashine za kusokota, mabega mapana, sauti ya kushindana na mashine. Huyo Hao ndiye aliyechaguliwa kuwa mfanyakazi kwenye kamati ya kadi.

Majira ya baridi Pan akafika kwenye neno "afraid". Maana yake kuogopa. Nikamwambia, "Hilo basi halikusumbui. Bingwa wake ni wewe."

"Linanisumbua kuliko yote." Tulikuwa tunakula, uji wa mtama na figili za chumvi. "Sisi kuogopa ni kitendo. Unaogopa, unamaliza, unaenda zako kula. Mwanafunzi wa Kichina ataliandika hivyo hivyo na atakosea. Kwa Mwingereza ni hali. Mtu ni mwoga kama alivyo mrefu."

"Kumbe Mwingereza anakujua."

"Tena wanalitumia kwa adabu. Ukimwomba baiskeli na hataki kukupa, anakwambia: naogopa baiskeli yangu haina upepo."

"Anaogopa upepo?"

"Haogopi kitu, Mama Lan. Anakunyima kwa upole."

"Basi huo si woga, Baba Lan. Huo ni uchoyo uliooga."

Alicheka mpaka uji ukampalia, nikampiga mgongoni. Sikumsikia tena akicheka majira yale.

Siku iliyofuata ikaja habari kwamba kijiji kimekubali Lan arudi mjini. Kilichobaki ni muhuri wa chuo cha baba yake, kuthibitisha kwamba nyumba yetu haina doa, na muhuri huo alikuwa nao Ndugu Fu, katibu wa siasa. Fu mwenyewe alimwambia Pan, "Nikimaliza kukagua A yako, nitagonga." Mume wangu alirudi mezani pake akiwa mtu mwingine. Akachukua mkasi, akakata bango, akaandika kadi za kuogopa kwa pumzi moja, sanduku likaondoka kwenda kiwandani. Mtu aliyeogopa maisha yake yote alisahau kuogopa kwa muda mfupi, akakata bila kugeuza.

Mabaki ya karatasi alikuwa akiyaleta nyumbani ya kuwashia jiko. Jioni ile nilipoinama nayo mbele ya jiko, vidole vyangu viligeuza vyenyewe, kwa mazoea. Nikaona sikio.

"Baba Lan."

"Naam."

"Hili sikio la nani?"

Akasogea na taa. Hakuhitaji taa. Nani asingelitambua? Lilikuwa ukutani kwetu, kwenye picha ya Mwenyekiti juu ya kitanda, likitusikiliza kila siku. Sikio, na kipande cha shavu, na ukosi wa koti, vimekatwa sawasawa kwa mkasi.

"Na jicho liko wapi?" nikauliza.

Mdomo wake ulifunguka ukabaki wazi. "Kwenye mifano," akasema.

Nitasema ukweli: dakika ile nilimchukia. Nilimwona Lan amesimama njia panda na furushi lake, akiambiwa arudi shambani, baba yako amekata uso. Nilitaka kumpiga mume wangu kwa koleo la makaa. Badala yake nilifunga pazia. Kukichoma kile kipande lilikuwa kosa kubwa kuliko kukikata. Jalala la ua wetu lilikuwa na watu wa kulichakura. Kukificha je, kama watapekua, na walishawahi kupekua mpaka ndani ya magodoro?

Nikakirarua. Kikubwa nikampa yeye, kwa kuwa kosa lilikuwa lake. Kidogo nikabaki nacho. Tukavitia kwenye uji, tukavitafuna tukitazamana. Wino mwekundu ni mchungu, unakauka kwenye fizi, na karatasi ya bango haimezeki upesi. Katikati ya kutafuna viatu vikapita nje. Tukaacha kutafuna wote wawili, mashavu yamejaa, mpaka vilipofifia uani. Nilikuwa nimeolewa na woga kwa miaka mingi, lakini jioni ile ndipo nilipouonja mwenyewe.

Kamati ilikaa kesho yake, kantini kwangu, baada ya zamu ya asubuhi. Pan alikuwa amepanga kuomba arudishiwe kadi za kuogopa, aseme amepata mfano bora zaidi. Hakupata nafasi. Fu alikuwa ameshafungua sanduku na kuzigawa mezani. Mkulima mzee alivuta kiko chake, mwanajeshi kijana alikuwa akikata kucha, na Hao alikaa kichwani mwa meza na kikombe chake cha bati mkononi. Mimi nilizunguka na birika la maji ya moto. Kadi zote zilikuwa zimelala huku na huko, nyingine uso juu, nyingine uso chini, na kwa rangi zile za mabango meza ilionekana imemwagikiwa maua. Sikuweza kujua ile yetu iko wapi. Nilimimina maji huku macho yakizunguka meza.

Pan akasoma mfano wa kwanza: adui anawaogopa wananchi. Vichwa vikatikisika, vizuri. Akasoma wa pili: naogopa sitaweza kuja mkutanoni.

"Ngoja hapo," akasema Fu. "Nani huyo?"

"Mtu tu, Ndugu Fu. Ni adabu ya Kiingereza."

"Haji mkutanoni, na anaogopa. Anaogopa mkutano?"

"Haogopi. Anasema hivyo kwa upole, kwamba hawezi..."

"Kama haogopi kwa nini aseme anaogopa? Wewe unataka kuwafundisha vijana wetu uongo?"

"Hata mimi mkutano ukiwa mrefu naogopa," mkulima mzee akachombeza kutoka nyuma ya moshi wake. "Mgongo."

Mwanajeshi akacheka. Fu hakucheka. Alimgeukia Pan, akauliza polepole, "Na wewe, Mwalimu Pan, mbona unatokwa jasho? Jiko liko kule."

Hapo ndipo nilipomtazama Hao, nikajua ameona. Alikuwa ameinamisha macho mezani, mbele yake, na uso wake mpana ulikuwa umepoteza damu yote. Alinyanyua kikombe, akakirudisha pale pale haraka. Akaweka na kiganja kando yake. Nilisubiri ile sauti iliyomwangusha Geng. Niliwaza upuuzi tu, kwamba nimeacha unga ukiumuka, kwamba nani atamwandikia Lan.

"Mama Lan!" Hao akaita. "Lete gundi!"

Gundi ilikuwepo siku zote. Tuliichemsha kwa unga kwa ajili ya kubandika matangazo ukutani. Nikaleta bakuli.

"Kadi hizi ni nyepesi mno," akasema Hao, sauti juu, bila kumtazama mtu. "Zinachanika mikononi. Hii ni kazi ya wananchi inaharibiwa. Zibandikwe kwenye kadibodi, zote, sasa hivi."

Nani alimbishia Hao? Hata Fu aliguna tu. Mwanajeshi akaletewa kadibodi na mkasi. Hao akachukua kwanza kadi iliyokuwa chini ya kikombe chake, akaipaka gundi nzito, akaibandika upande wa picha chini, akaikandamiza kwa ngumi, akaikandamiza tena. Kisha akaniinulia macho.

"Gundi yako nzito, Mama Lan."

"Ndiyo, Ndugu Hao."

"Vizuri. Haitabanduka."

Mfano wa adabu ulifutwa, ukabaki ule wa adui. Muhuri wa Lan ukagongwa. Alirudi wakati miforosadi ilipoanza kuchipua, mwembamba, mikono migumu, na kamusi ikachapishwa ndogo, nyekundu, bila jina la mtu hata mmoja. Mngedhani tulipumua.

"Kwa nini alinyamaza?" Pan aliniuliza kila tulipobaki wawili. "Yule, kati ya watu wote. Aliyemvuta Geng nywele."

"Labda ametuhurumia."

"Hao? Ameiweka akiba, Mama Lan. Ipo kwenye kadibodi, ipo kwenye sanduku, ipo chuoni. Siku akitaka kitu atailoweka kwenye maji na jicho litatoka."

Nami niliamini hivyo. Kwa hiyo kila siku Hao alipofika dirishani kwangu na bakuli lake, nilimwongezea. Tambi nyingi zaidi, siki nzuri, kipande cha nyama nikikipata. Hakushukuru hata mara moja. Alilitazama bakuli, akanitazama mimi, akaenda kula pembeni kichwa chini. Pan akimwona mbele kwenye foleni ya bafu la kiwanda alirudi nyumbani bila kuoga. Alijifunza vichochoro vyote vya mtaa ili asipite mlangoni kwake.

Nyakati zikabadilika. Fu akahamishwa. Geng akasafishwa jina mbele ya watu, kwa kipaza sauti kile kile walichomzomea nacho, na akageuza sikio zima ili asikie. Picha zikashuka ukutani nyumba baada ya nyumba, watu wakafungia karanga kwenye gazeti lolote walilotaka. Lan akaolewa, akawa mwalimu, wa Kiingereza, mnaweza kuamini? Nilimwambia Pan, basi, imekwisha, hata akisema leo nani atajali? Alikubali kwa kichwa. Na bado alizunguka vichochoro.

Alipougua kifua, siku za mwisho, alinivuta karibu. Nilidhani anataka maji.

"Hao hajasema kitu?"

"Hajasema."

"Basi anamngoja Lan," akasema. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yenye maana, na nitamkasirikia mpaka nami nife. Mtu mwenye Kiingereza chote kile kichwani, na hakuondoka na neno jingine.

Baada ya maziko, siku watu walipokuwa wameshatawanyika, nikasikia viatu vikija mlangoni. Vikasimama. Alikuwa Hao, mzee sasa, mabega yameshuka, na mfuko wa matunda ya pea mkononi. Nilishika fremu ya mlango. Niliwaza, amekuja. Baba Lan, ulisema kweli, amekuja.

Alikaa bila kuvua koti. Aliweka pea mezani, akazipanga, akazipangua.

"Mzee Pan," akasema mwishowe, "kabla hajafa. Alimwambia mtu?"

"Amwambie nini?"

"Usinichezee, Mama Lan. Mimi na wewe tumezeeka."

"Sikuchezei. Amwambie nani nini?"

"Kikombe!" Sauti ya zamani ikatoka, kisha ikavunjika. "Ulikuwa umesimama nyuma yangu na birika. Uliona nilipokiweka. Mimi ile mifano sikujua kuisoma, upande wowote kwangu ulikuwa sawa. Nilichukua kadi moja nikaweka chini ya kikombe, meza isiungue. Nikanyanyua ninywe, nikaona jicho. Limelowa. Limevimba kwa moto wa kikombe changu." Alikuwa akijifuta viganja kwenye suruali. "Mimi niliyempeleka Geng jukwaani kwa ajili ya mafuta ya nguruwe. Mngenifanyaje mimi?"

Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake.

"Nilibandika haraka. Lakini wewe ulikuwa umeona, na kesho yake ukaniongezea tambi. Nikasema, haya, anaanza. Ananikumbusha. Kila siku unaongeza, kila siku nasema leo ndiyo leo, leo ataomba malipo. Nilikula tambi zako zimenikaa kooni. Kila nilipomwona mumeo anakatiza kichochoro nilijua anakwenda kunishtaki."

Ndipo nikamwambia habari ya sikio. Nilimwambia yote, mkasi, jiko, uji, ladha ya wino. Alisikiliza mdomo wazi. Nilipofika kwenye maneno ya Pan kitandani nilianza kucheka, na kicheko kikageuka katikati, nikalia kwa sauti, jinsi ambavyo sikulia makaburini. Nililia kwa hasira. Nyumba kumi mbali, maisha mazima, na mwoga wangu alikuwa akimkimbia mtu anayemkimbia yeye.

Hao hakunibembeleza. Aliuliza kama ninayo ile kamusi. Nikaitoa, nikafungua A, nikamwonyesha neno kwa kidole, nikamsomea Kichina chake: adui anawaogopa wananchi.

"Huo tu?"

"Huo tu. Ule wa adabu waliufuta."

Akautazama ule mstari kitambo. Jua lilikuwa limefika kwenye meza. Nikawasha jiko, nikampikia tambi. Nilimpimia bakuli la kawaida, bila nyongeza, naye akaliona hilo, akalipokea kwa mikono miwili. Tukaanza kula.

Nje uani viatu vya mtu vikasikika vikija. Vijiti vyetu vikasimama, vyangu na vyake, kati ya bakuli na mdomo, mpaka vilipopita.